Nusu Mbili za Picha Moja



Ninao mkanda wa harusi ya dada yangu. Nilimpa fundi auhamishie kwenye faili, na nilipolifungua faili hilo kwenye kompyuta, kila aliyekuwa akicheza alikuwa ameota meno kama ya chanuo mikononi na kwenye pindo za kanga. Waliokaa kitako walikuwa safi kabisa. Tofauti kati ya aliyecheza na aliyekaa ndiyo iliyonileta mbele yenu jioni hii.

Televisheni tuliyoizoea Afrika Mashariki ilikuwa ya mfumo wa PAL: mistari 625, na 576 kati yake ndiyo yenye picha. Mistari hiyo haikurushwa kwa mkupuo. Ilitangulia ya witiri, ikafuata ya shufwa, 288 kwa zamu, nusu 50 kila sekunde. Picha nzima mara 50 zingekula masafa maradufu. Mara 25 tu, kioo kingemetameta hadi macho yaume. Kioo cha zamani kilizichora nusu hizo kwa kupokezana, na jicho likaziunganisha. Kioo cha leo huonyesha mistari yote pamoja, kwa hiyo programu inayocheza video hulazimika kuitafuta mistari iliyokosekana.

Njia nyepesi ni kuzisuka nusu mbili kama ukili. Lakini baina ya nusu ya kwanza na ya pili imepita sehemu ya 50 ya sekunde, na mkono wa mchezaji umeshahama. Hapo ndipo meno yanapoota.

Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote, tuulize nasaba: picha hii ilizaliwa wapi? Sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde. Kwenye PAL iliharakishwa hadi 25, kila fremu ikagawanywa nusu mbili. Filamu ya dakika 120 ikaisha kwenye dakika ya 115, na sauti za waigizaji zikapanda kidogo. Nusu hizo ni za lahaza moja. Zisuke, utapata fremu kamili, bila hasara. Marekani, kwenye nusu takriban 60 kwa sekunde, hesabu ilikataa kugawanyika, basi fremu moja ikapewa nusu mbili na inayofuata tatu. Katika kila picha tano, mbili zikawa mchanganyiko wa fremu tofauti. Programu makini huusikiliza mdundo huo wa mbili na tatu, huiona nusu inayojirudia katika kila nusu tano, huitupa, na 24 zinarudi. Yves Faroudja, mhandisi wa California, alijipatia jina kwa vifaa vya kuutambua mdundo huu, na mimi nauona ni ufundi wa hali ya juu: mashine inafumua kile ambacho mashine nyingine ilikifunga. Mhariri akiwa ameukata mkanda baada ya ugeuzaji, mdundo huvunjika na utafutaji unaanza upya.

Harusi ya dada yangu haina fremu za kurudishia. Kamera ilinasa lahaza 50 kila sekunde, kila moja ikiwa na nusu ya mistari. Hapa kichujio kama yadif, alichokiandika Michael Niedermayer, hutazama nusu iliyotangulia na inayofuata pamoja na mistari ya juu na ya chini: palipotulia hukopa kwa jirani wa wakati, palipo na mwendo hukisia kwa jirani wa mahali. Asipobadilisha mtu mpangilio, hutoa picha 25 tu kwa sekunde. Nusu ya mwendo wote imepotea kimyakimya. Ukikiagiza kitoe picha moja kwa kila nusu, 50 zote zinabaki. Niliurudia mkanda ule kwa njia hiyo, na makofi ya shangazi zangu yakawa laini kama nilivyoyaona siku ile ukumbini.

Nawaomba wahifadhi wa kanda za taarabu, za ngoma na za michezo ya kuigiza: faili la kwanza litunzwe na nusu zake zote, witiri na shufwa, bila kusukwa. Kusuka kufanyike kwenye nakala.