Bonanza Halitibu Sonona: Mwajiri, Kazi na Akili ya Mfanyakazi



Mwaka 2024 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, William Fleming, alichapisha matokeo yasiyowafurahisha wanaouza huduma za ustawi maofisini. Alichukua taarifa za wafanyakazi 46,336 kutoka taasisi 233 za Uingereza, akawalinganisha walioshiriki mafunzo ya kuhimili msongo, mazoezi ya kutuliza akili na programu za simu za kuboresha usingizi, na wenzao ambao hawakushiriki. Hakuona kwamba walioshiriki walikuwa na nafuu. Kilichoonyesha dalili ya faida ni kupewa nafasi ya kujitolea katika shughuli za hisani, basi.

Naanza na utafiti huu kwa sababu mwajiri wetu hapa Tanzania naye, akiambiwa habari za afya ya akili, hukimbilia vitu vya namna hiyohiyo. Huita mtoa mada. Huandaa bonanza la Jumamosi, fulana zikachapishwa, mhasibu akawekwa golini. Sina ugomvi na bonanza. Mwenyewe hucheza beki wa kushoto, kwa kadiri magoti yanavyoniruhusu. Lakini Jumatatu mhasibu huyo anarudi kwenye kazi ya watu watatu, chini ya msimamizi anayetuma ujumbe saa nne usiku akitaka ripoti iwe tayari asubuhi. Akizidiwa, anaambiwa ajifunze kuhimili. Ugonjwa tumeutafuta ndani ya mtu, ilhali nusu yake imeandikwa kwenye ratiba.

Hoja yangu leo ni kwamba wajibu wa mwajiri unaanzia kwenye kazi yenyewe: wingi wake, saa zake, malipo yake, na namna mkubwa anavyozungumza na mdogo. Mshauri nasaha ana nafasi yake, tena ya heshima, lakini anafuata baada ya hayo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 nayo inatanguliza kurekebisha mazingira ya kazi kabla ya kufika kwa mtu mmoja mmoja. Mashirika ya Afya na Kazi Duniani yanakadiria kwamba sonona na wasiwasi uliopindukia huipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka. Nawaachia wanauchumi hesabu hiyo.

Ushahidi wenyewe si wa jana. Kuanzia mwaka 1985 Michael Marmot na wenzake waliwafuatilia watumishi wa serikali 10,308 jijini London, katika utafiti uliopewa jina la mtaa wa ofisi zao, Whitehall. Hawa hawakuwa mafukara. Walikuwa na ajira na matibabu. Hata hivyo, kadiri cheo kilivyoshuka ndivyo maradhi ya moyo yalivyozidi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikwenda sambamba na uhuru mdogo wa mtu kuamua mambo ya kazi yake mwenyewe. Mwaka 1999 Stephen Stansfeld na wenzake, wakitumia kundi hilohilo, walionyesha kwamba kazi nyingi na kukosa msaada wa wenzako na wakubwa kazini hutangulia matatizo ya akili, na kwamba kuwa na kauli juu ya kazi yako hukinga. Huku kwetu tumezoea kusema presha ni ya mabosi, tarishi hana cha kuwaza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Naomba nikae kidogo kwenye mfano wa Ufaransa, kwa kuwa pale mahakama ilisema jambo ambalo wataalamu walikuwa wakilisema chinichini. Mwaka 2006 kampuni ya simu, France Télécom, iliamua kupunguza watu 22,000 katika miaka mitatu. Wengi wao walikuwa na hadhi ya utumishi wa umma; hawakufukuzika kirahisi. Basi mameneja wakafundishwa kuwachosha. Mtu alihamishwa mji mara kwa mara, au alipewa kazi isiyohusiana na ujuzi wake, au aliachwa bila kazi yoyote. Marupurupu ya wakubwa yakafungwa na idadi ya wanaoondoka. Mahakama ya Paris ilichunguza habari za wafanyakazi 39, ambao 19 kati yao walijiua. Desemba 2019 kampuni na viongozi wake wakuu wa zamani walitiwa hatiani kwa unyanyasaji wa kitaasisi, na Januari 2025 mahakama ya juu kabisa ya rufaa ikaithibitisha hukumu. Tazameni neno hilo, kitaasisi. Mkubwa hakuhitaji kumtukana mtu yeyote uso kwa uso. Mpango wa kazi ulitosha.

Sasa tuje Nairobi. Vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliajiriwa na kampuni ya Sama, iliyopewa kazi na Meta, mmiliki wa Facebook, wachuje maudhui ya mtandao huo katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Walitazama mauaji na mateso ya watoto zamu baada ya zamu, huku saa ikihesabu wametumia muda gani kwa kila video. Mwaka 2022 Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliyeachishwa kazi baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki, alizishtaki kampuni hizo Kenya. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 walifungua shauri lao. Desemba 2024 ripoti ya daktari bingwa, Ian Kanyanya, iliwekwa mahakamani: zaidi ya 140 kati ya waliopimwa walikuwa na maradhi ya msongo yatokanayo na kiwewe. Kampuni zimeyapinga madai ya wafanyakazi hao.

Mimi si hakimu wa shauri hilo. Ninachokiona kama mwalimu ni mambo mawili. La kwanza, washauri nasaha walikuwepo. Kampuni ilisema hivyo, na wafanyakazi nao hawakukana kuwepo kwao. Walichokilalamikia ni kwamba muda wa kuwaona ulibanwa na malengo ya uzalishaji, na kwamba msaada wenyewe haukulingana na kile walichokitazama. La pili, Meta ilijitetea kwamba watu hawa si waajiriwa wake na kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Utetezi huo, “si wafanyakazi wetu”, nitaurudia baadaye, kwa kuwa tunautumia hapa kila siku bila kuwa na Facebook.

Kabla ya hapo, fedha. Ukimuuliza mwalimu au karani wa Tanzania kinachomkosesha usingizi, mara nyingi atakutajia mkopo wa kausha damu. Kadi yake ya benki iko kwa mkopeshaji, namba ya siri pia. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine. Darasani anasimama mtu ambaye mwezi wake umekwisha kabla haujaanza. Mwajiri hawezi kulipa madeni ya watu, lakini anaweza kulipa mshahara tarehe aliyoahidi, kutochelewesha posho na madai ya uhamisho kwa miaka, kuisaidia SACCOS ya kazini iwe na mtaji, na kuwa na utaratibu wa mshahara wa awali usiomdhalilisha mwombaji mbele ya ofisi nzima. Hakuna mwanasaikolojia anayehitajika hapo. Anahitajika mhasibu, yule kipa.

Kisha kuna likizo ya ugonjwa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Haikuuliza ugonjwa uko kifuani au kichwani. Lakini jaribu kupeleka ED, karatasi ya daktari ya kupumzika, kwa ajili ya malaria, kisha nyingine yenye muhuri wa kliniki ya magonjwa ya akili. Ya kwanza inawekwa kwenye faili. Ya pili inasomwa na watu wanne kabla ya kufika kwenye faili, na kabla ya saa saba mchana mtu ameshatania habari za hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe. Mwajiri anayetaka kusaidia aanzie kwenye njia ya karatasi hiyo: inapita kwa nani, nani ana haki ya kuiona, na adhabu ya anayeivujisha ni ipi. Mgonjwa akirudi, asipewe wiki ya kwanza rundo lote lililomsubiri, wala asipokewe na barua ya kujieleza. Saa zipunguzwe kwa muda, kazi zirudi kidogokidogo kwa makubaliano na daktari wake.

Na sasa ule utetezi wa “si wafanyakazi wetu”. Taasisi nyingi nchini, vyuo vikiwemo, hununua ulinzi na usafi kwa zabuni, na aghalabu anayeshinda ni mwenye bei ya chini. Tofauti ya bei hiyo hutoka kwenye zamu ya saa 12, likizo isiyochukuliwa na mshahara unaochelewa. Mlinzi akisinzia au akimfokea mgeni, tunaandika barua kwa kampuni abadilishwe, na kampuni inaleta mwingine.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, napendekeza zabuni ijayo iwe na masharti ambayo bodi ya zabuni itayakagua: ratiba ya zamu inayoheshimu saa 45 za kawaida kwa wiki na kikomo cha saa za ziada, siku ya mapumziko kila wiki, tarehe ya mshahara, na njia ya malalamiko inayofika chuoni bila kupitia kwa msimamizi wa mlinzi. Ukaguzi ufanywe kwa kuwauliza walinzi wenyewe, faragha, na zabuni ambayo bei yake haiwezi kulipia masharti hayo itupwe hata kama ndiyo ya chini kuliko zote. Gharama zitapanda. Ofisi ya bajeti inaweza kuanza kuzipigia hesabu sasa, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza mwezi Julai.