Dakika 150 na Kopo la Maharage

(Maneno yaliyotolewa mbele ya memba kwenye mkutano wa mwezi, Baraka)



Mnisamehe mimi mtoto wenu kusimama hapa kuwaambia habari ya kutembea. Wengi wenu mwaka 1996 mlitembea hadi ziwani, mtoto mgongoni na mzigo kichwani, mkavuka kwenda Kigoma. Kutembea mnakujua. Leo nasemea kutembea kwa kulinda mwili, kidogo kidogo, kila siku.

Juu ya nini? Fungueni kaye ya kisanduku chetu cha msaada. Pesa zinatoka zaidi kwa mambo mawili: kulaza mgonjwa na kuzika. Na mara nyingi ugonjwa ni ule ule, tansio ao sukari. Tansio haina kelele. Mtu anauza sokoni asubuhi. Jioni mkono na mguu wa upande mmoja vimelala, mdomo umepinda. Hapo mtoto anaacha masomo ili amuuguze, na shamba linabaki pori.

Kuna mama aliniuliza: "Mwanangu, natoka shambani na kitunga cha mihogo, unataka nitembee tena?" Hapana, mama. Hiyo imekwisha kuhesabika. Nasema na sisi tunaokaa: mwenye duka, fundi wa nguo, mwenye kuendesha moto, mzee anayeshinda kwenye kiti, na mimi mwenyewe wa ofisini.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kutumikisha mwili kwa juma. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Si lazima iwe mara moja: dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, zote zinahesabiwa. Mwendo uwe wa kutosha: unaweza kuongea na mwenzako, lakini kuimba kunakushinda.

Vijana wenye telefone wananiambia ni lazima hatua 10,000. Ile hesabu ilitoka Japani, kwa kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa mwaka 1965. Ilikuwa jina la biashara. Nusu saa ya mwendo mzuri ni kama hatua 3,000. Usikate tamaa juu ya telefone.

Tuanze hivi. Juma la kwanza, dakika 10 kwa siku, siku tano. Kila juma ongeza dakika 5. Juma la tano utakuwa umefika 30. Mzee ao mgonjwa aende polepole kuliko hapo, hakuna mashindano.

Na tuhesabu. Anayeandika, achukue kaye na biki: tarehe, dakika, nilitembea na nani. Asiyeandika, aweke kopo karibu na mlango. Kila dakika kumi, punje moja ya maharage. Siku ya Jumapili zikiwa 15, umefikisha. Mwaga, anza upya. Mara moja kwa mwezi tupime tansio, na namba iandikwe pale pale. Kabla ya kupima, kaa umetulia dakika tano.

Utakosa siku: mvua, kilio, malaria. Siku moja haina neno. Zikifuatana mbili, mwenzako aje akugongee mlango. Ndiyo maana nawaomba mtembee wawili wawili. Kopo tupu si aibu. Linatuambia kwamba mwenzetu ana shida, ao anaumwa, ao amekufa moyo, na sisi tulikuwa hatujui. Shirika la kusaidiana linapaswa kujua hayo mapema, mbele ya siku ya jeneza.

Mambo manne ya kuangalia, tafadhali:

Kwanza, kutembea hakuondoi dawa. Ukiona tansio imeshuka, mwambie muganga. Yeye ndiye wa kupunguza kidonge, si wewe.

Pili, mwenye sukari avae viatu vilivyofunika vidole na aangalie nyayo kila jioni, maana kidonda kidogo kinaweza kumpotezea mguu. Akiwa na dawa za kushusha sukari, abebe kitu kitamu mfukoni. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, akae chini, ale.

Tatu, kifua kikibana, ao kizunguzungu kikikushika, simama. Usijikaze. Nenda kituo cha afya.

Nne, usalama. Tutembee kukiwa na mwanga, njia yenye watu, na kwenye barabara ya magari tutazame yanayokuja mbele yetu. Siku habari si nzuri, zungukeni ndani ya lupango, ao kanyageni pale pale chini ya veranda. Nazo ni dakika.

Kwa wafadhili wetu: kutembea hakuombi pesa, na hatuombi viatu vya michezo. Tunaomba mashine moja ya kupima tansio kwa kila kikundi, pamoja na betri zake. Bila ile, mtu anajua kwamba ametembea, lakini hajui damu yake inasema nini.

Viongozi wa vikundi, Jumapili ijayo kila mmoja alete orodha ya wawili wawili. Wajane na wazee wanaoishi peke yao waandikwe wa kwanza.