Hotuba juu ya Kutengeneza Mashine za Kukuza Sauti



Twaomba kunena machache juu ya mashine ya kukuza sauti, ile iwaitayo watu maofisini na hospitalini. Ikiharibika, wengi husema, "Imekufa, inunuliwe nyingine." Sisi twasema, kwanza ipimwe.

Ikinguruma mfululizo, mara nyingi kapasita kubwa zimekauka kwa joto na miaka. Kapasita mpya iwe na kipimo kile kile, na volti zake zisipungue zile za kwanza. Wala chanya na hasi zisigeuzwe, isije ikapasuka.

Fyuzi ikikatika kila mara, zitazamwe transista zinazosukuma spika. Lakini kabla ya kutia mpya, upimwe waya wa spika; kwani waya uliogusana utaziunguza mpya kama ulivyoziunguza za kale. Wala fyuzi isitiwe kubwa zaidi. Hiyo ni kualika moto.

Kariakoo vifaa vipo, na vya bandia pia vipo. Rahisi mara nyingi huwa ghali. Tena fundi asiharakishwe: hata mashine ikichomolewa, kapasita hushika umeme, nao waweza kuua. Uondolewe kwa rezista, upimwe, ndipo mkono uguse.

Ndugu, Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Siku kama ile, sauti ya onyo ndiyo iokoayo watu. Basi tusingoje siku hiyo kujua kama mashine yetu yasema.