Je, Dawa za Kisukari Zaweza Kuleta Wasiwasi?



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo wagonjwa wengi hulibeba moyoni kwa kuona haya kulitamka: je, dawa ninazotumia kwa ajili ya sukari ndizo zinazonitia hofu na kunikosesha utulivu? Jibu letu ni kwamba baadhi ya dawa hizo zaweza kufanya hivyo. Hata hivyo, njia yake inaeleweka, inapimika, na mara nyingi inazuilika.

Sukari ya damu inaposhuka kupita kiasi, mwili hutoa homoni ya adrenalini ili ini liachie akiba yake ya sukari. Homoni hiyo ndiyo hutoka mtu anapokutana ghafla na nyoka njiani. Kwa hiyo moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, kijasho chembamba hutoka, njaa huuma, na hofu isiyo na sababu humwingia mtu. Hali hii ikitokea usiku, mgonjwa huota ndoto za kutisha na kuamka shuka zimelowa jasho. Si ajabu basi kwamba wengine hudhani wamepatwa na ugonjwa wa moyo, na wengine wakadhani ni majini.

Dawa zote hazifanani katika jambo hili. Zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi ni hasa insulini na vidonge vya jamii ya glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi. Hatari huongezeka mgonjwa anapomeza dawa kisha akachelewa kula, anapofanya kazi nzito kuliko kawaida, anapokunywa pombe, au anapofunga bila kupanga upya dozi na daktari wake. Wazee na wenye matatizo ya figo wawe waangalifu zaidi, hasa kwa glibenklamidi, kwa kuwa nguvu yake hudumu mwilini kwa saa nyingi. Metfomini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho. Lakini ikitumiwa kwa miaka mingi yaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huathiri neva na hata hali ya moyo. Inafaa kumwomba daktari kipimo chake.

Tutajuaje basi kama hofu imetokana na sukari? Pima wakati ule ule inapokujia, si kesho yake. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, sukari imeshuka. Kunywa maji yaliyokorogwa vijiko vinne vidogo vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii. Subiri dakika 15, upime tena, na ikiwa bado iko chini, rudia. Ikishapanda, kula chakula. Kama huna kifaa cha kupimia, jitibu kana kwamba sukari imeshuka. Mgonjwa aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote kinywani, awahishwe hospitali.

Ikiwa kipimo ni cha kawaida, hofu yako si ya kupuuzwa. Mtu aliyezoea sukari ya juu kwa muda mrefu aweza kuhisi dalili hizi inaporudi mahali pake. Tena, kuishi na ugonjwa wa kudumu kunachosha nafsi, na wasiwasi wenyewe una tiba. Mweleze daktari.

Yako makosa mawili tunayowaomba myaepuke. La kwanza ni kuacha dawa kwa sababu ya hofu: sukari itapanda, na macho, figo na miguu ndivyo vitakavyolipa. La pili ni kununua dawa ya usingizi bila kupimwa, kwani usingizi mzito huficha dalili za sukari kushuka. Wanaotumia propranololi kwa ajili ya moyo au presha wajue pia kwamba dawa hiyo hupunguza mtetemeko na mapigo ya moyo; kwao, jasho huenda likawa ndiyo dalili pekee inayobaki.

Mwisho, mnapokabidhiwa dawa dukani, someni jina na nguvu yake kabla ya kuondoka. Kidonge cha gliklazidi cha kawaida si kitu kimoja na kile kinachoyeyuka polepole. Bomba la sindano nalo lilingane na chupa ya insulini: insulini ya yuniti 100 kwa mililita ikivutwa kwa bomba la yuniti 40, mgonjwa atapata mara mbili na nusu ya dozi yake.

Wekeni daftari. Andikeni saa ya dawa, saa ya chakula, saa ya hofu, na kipimo cha sukari wakati huo. Mkimpelekea daktari kurasa hizo, ataweza kubadili dozi au dawa kwa kujua, badala ya kukisia.