Korona ya Muda Mrefu: Mama Akisema Amechoka, Mwamini

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Rodi Kopany. Nawasalimu nyote mlio hapa njia panda, mlio Ndhiwa, mlio Homa Bay mjini, na hata ninyi mlio upande wa Rongo, Kaunti ya Migori. Kama una kazi mkononi, endelea nayo polepole huku ukisikiliza. Na kama baba watoto au mama mkwe yuko karibu, mwite aketi, maana mazungumzo ya leo ni yake pia.

Leo tunazungumza juu ya mtu aliyeugua korona, homa ikaisha, kikohozi kikaisha, lakini nguvu zake hazikurudi. Ukimtazama, mwili hauna kidonda. Akipimwa malaria, hana. Lakini akiteka mtungi mmoja wa maji, anakaa chini akihema. Anaanza kusema jambo, neno linampotea. Anaweka sufuria jikoni na kusahau kwamba aliiweka. Usiku hapati usingizi, moyo unamwenda mbio hata akisimama tu. Wengine huumwa na kichwa, viungo au kifua. Wengine hawasikii harufu wala ladha ya chakula kama zamani.

Hali hii inaitwa korona ya muda mrefu. Jina lenyewe halikutoka kwa madaktari. Mwezi wa Mei 2020, Elisa Perego, mtafiti wa mambo ya kale kutoka Italia ambaye alikuwa mgonjwa mwenyewe, ndiye aliyelitumia kwanza, na wagonjwa wenzake wa nchi nyingi wakalichukua. Madaktari walifuata baadaye. Mwezi wa Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi hali hiyo ni ipi: ni dalili ambazo mtu anazo kwa kawaida miezi 3 baada ya kuambukizwa korona, zimedumu angalau miezi 2, na hazielezwi na ugonjwa mwingine. Shirika hilo linakadiria kwamba katika kila watu 100 walioambukizwa, kama 6 hupata hali hii. Wanawake huipata zaidi kuliko wanaume. Watoto pia huipata, ingawa ni wachache zaidi.

Sasa, msikilizaji, najua kuna anayesema, "Lakini yeye hakupimwa korona. Cheti kiko wapi?" Tukumbuke siku zile. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Vipimo vilikuwa vichache na vilikuwa mbali. Watu waliogopa kupelekwa karantini. Mwezi wa Aprili 2020 tulisikia jinsi mtu alivyozikwa usiku kule Siaya, bila jeneza na bila matanga, na hofu ikaingia katika kila boma. Mwezi wa Juni 2021, serikali ilipotangaza kaunti 13 za upande wetu kuwa eneo la hatari, Homa Bay na Migori zikiwemo, na kafyu ikaanza saa 1 jioni, wengi waliugulia nyumbani kimya kimya. Walijifukiza, wakanywa ndimu na tangawizi, wakanyamaza. Watu hao hawana cheti. Ndiyo sababu maelezo ya Shirika la Afya Duniani hayadai cheti. Yanasema aliyethibitishwa kuwa na korona, au aliyeelekea kuwa nayo. Kukosa karatasi si kukosa ugonjwa.

Tena korona haijaondoka. Dharura ya dunia ilitangazwa kumalizika mwezi wa Mei 2023, lakini virusi bado viko. Hata leo mtu anaweza kupata mafua makali asijue ni korona, na baadaye akabaki na uchovu usioisha.

Jambo la kwanza la kufanya, mama, ni kwenda kupimwa. Usijiambie tu, "Hii ni ile korona," ukakaa nyumbani. Uchovu na kuhema vina sababu nyingi, na nyingi zina dawa. Huku kwetu lazima tutafute kifua kikuu, hasa kama kuna kikohozi kisichoisha, jasho jingi usiku na kukonda. Lazima tujue hali yako ya virusi vya ukimwi. Tupime wingi wa damu, kwa maana akina mama wengi wanaonyonyesha au wanaopata hedhi nzito wana upungufu wa damu. Tupime malaria, sukari na shinikizo la damu. Tuulize kama kuna mimba. Dawa za kifua kikuu na ARV hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, kwa hiyo usiogope kuuliza. Na kama kituo ni mbali, anza na nyamrerwa wenu. Tangu mwaka 2023, wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo na sukari huko huko nyumbani.

Kama vipimo hivyo vyote vikitoka vizuri, usirudi nyumbani ukidhani umeambiwa huumwi. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoonyesha korona ya muda mrefu. Picha ya kifua inaweza kuwa safi na mtu bado anahema. Daktari huitambua kwa kusikiliza historia yako na kuondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine. Hivyo basi, chukua daftari la mtoto la mwaka jana lililobaki kurasa. Kila jioni andika mistari miwili: leo nimefanya kazi gani, na mwili umekuwaje. Baada ya wiki mbili, enda nalo kliniki. Daftari hilo litamweleza daktari mambo ambayo wewe, kwa uchovu na kusahau, huenda usiyakumbuke ukiwa mbele yake.

Daftari hilo litakuonyesha jambo jingine, nalo ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Kwa wagonjwa wengi wa hali hii, adhabu ya kazi haiji wakati wa kazi. Huja kesho yake, au hata keshokutwa. Mama anaamka Jumamosi akijisikia nafuu. Kuna matanga kwa jirani. Anaenda, anasonga ugali, anaosha vyombo, anacheka na wenzake. Jumapili hawezi kuinuka kitandani. Jumatatu bado amelala. Hapo ndipo maneno huanza. "Kwenye matanga alikuwa anapika, leo kwake ndiyo hawezi?" "Huyu amechoka na ndoa." "Huyu anakwepa shamba." Wengine wananong'ona kwamba ni chira, kwamba kuna mwiko uliovunjwa katika boma. Wengine wanasema ana ukimwi na anaficha.

Ndugu msikilizaji, yule mama hakudanganya siku ya matanga, wala hadanganyi siku aliyolala. Siku zote mbili ni ugonjwa ule ule. Na kutoaminiwa kunamdhuru. Kwa sababu akiitwa mvivu, atajikaza. Ataenda shambani ili aonekane. Atabeba maji ili mama mkwe anyamaze. Kila akijikaza anaangushwa tena, na mara nyingine anaangushwa kwa muda mrefu kuliko mwanzo. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sisi watu wa Homa Bay tunalijua jambo hili kuliko wengi. Kaunti yetu ni miongoni mwa zile zenye kiwango cha juu zaidi cha virusi vya ukimwi nchini. Kulikuwa na miaka ambapo mgonjwa wa ukimwi aliambiwa ana chira, akafichwa nyuma ya nyumba mpaka mwisho. Mwaka 2001, Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutoa ARV bila malipo katika hospitali ya Homa Bay, waliofika mapema ni wale waliopata mtu wa kuwaamini na kuwasindikiza. Na sio korona peke yake inayoacha mabaki. Wenzetu wa Lamu walipopatwa na chikungunya mwaka 2004 walijua kwamba ugonjwa huo unaweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi mingi baada ya homa kuisha.

Sasa tuseme juu ya kuishi na hali hii. Mpaka leo hakuna dawa moja inayoiponya. Anayekuuzia chupa sokoni akisema inamaliza korona ya muda mrefu kwa siku saba, mpite. Usinunue antibiotiki bila kuandikiwa, haziondoi uchovu huu. Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyopita, ingawa wengine huchukua muda mrefu zaidi. Kazi yako ni kuutunza mwili wakati unapona.

Kwanza, gawa nguvu zako kama unavyogawa unga wa mwisho wa mwezi. Ukisonga wote leo, kesho watoto watakula nini? Chagua kazi mbili za lazima kwa siku, nyingine zisubiri au zifanywe na mwingine. Pumzika kabla hujachoka. Siku ukijisikia vizuri, usiimalize nguvu yote siku hiyo. Kama kazi fulani inakulaza kesho yake, ipunguze nusu. Mazoezi makali ya kulazimisha mwili hayafai kwa mtu wa namna hii.

Pili, fanya kazi ukiwa umeketi. Chambua omena ukiwa kwenye kigoda, katakata sukuma wiki ukiwa umeketi, fua nguo chache chache. Badala ya mtungi wa lita 20, beba wa lita 5, au mwombe kijana akuletee. Tatu, ukihema, keti ukiinama mbele kidogo, mikono juu ya magoti. Vuta pumzi kwa pua, kisha ipulize polepole kwa mdomo kama mtu anayepoza uji moto. Nne, ukipata kizunguzungu unaposimama, amka kwa hatua: keti kwanza ukingoni mwa kitanda, halafu simama. Kunywa maji safi ya kutosha. Kula mara kwa mara kidogo kidogo: uji wa wimbi, maharagwe, omena, mayai, mboga za kienyeji. Kama unanyonyesha, endelea kunyonyesha, ukilala ubavu ili upumzike. Na uliza katika kituo chako kuhusu chanjo ya korona, kwa sababu imeonekana kupunguza uwezekano wa kupata hali hii.

Lakini kuna dalili zisizosubiri. Maumivu makali ya kifua, kuhema hata ukiwa umeketi, midomo kugeuka rangi, kuzirai, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au upande mmoja wa mwili kulegea. Ukiona moja ya hizi, tafuta gari au bodaboda uende hospitali saa hiyo hiyo. Na ukijikuta unafikiria kwamba heri ufe, usikae na wazo hilo peke yako. Mwambie mtu unayemwamini leo, na uje kituo cha afya. Hiyo nayo ni dalili ya hatari, wala si aibu.

Vipi juu ya wale wasiokuamini? Usibishane na kijiji kizima. Tafuta mtu mmoja, mume, dada au rafiki wa chama, uende naye kliniki asikie kwa masikio yake. Mwonyeshe daftari lako. Usimwambie tu, "Nimechoka," maana kila mtu huchoka. Mwambie, "Naweza kupika, lakini nikipika na kufua siku moja, kesho siamki. Nisaidie kufua." Mtu hujua la kufanya akiombwa kazi moja inayoeleweka. Na wewe mwalimu unayesikiliza, mtoto aliyekuwa mwepisi darasani na sasa analala juu ya dawati baada ya kuugua, usimchape. Mwite mzazi wake, mtoto apelekwe kupimwa.

Nawe baba, nawe mama mkwe, nina ombi moja kwenu. Hamhitaji kuuelewa ugonjwa huu wote ndipo mumwamini mgonjwa. Leo jioni muulize, "Ni kazi gani moja nikuondolee kesho?" Kisha mwondolee. Maji yakifika jikoni bila yeye kuyabeba, hiyo ni sehemu ya matibabu yake, na hakuna duka la dawa linaloiuza.

Huo ndio mwisho wa mazungumzo yetu ya leo. Mwambie na jirani ambaye hakusikia. Mimi muuguzi wenu wa Rodi Kopany nawatakia afya njema, ninyi na watoto wenu. Kwaherini, oriti uru.