Tuliyoyaona Katika Makanisa Madogo ya Uskoti



Kamati ya jubilii imetuomba sisi tuliokwenda Uskoti tuseme machache. Picha mmeshaziona. Leo tutasema yale ambayo hayakuingia kwenye picha.

Kwanza tukiri. Tulipokuwa tukichangisha nauli tuliwaambia kwamba tunawarudishia Injili wale waliotuletea. Kauli hiyo iliwapendeza wengi, na harambee ikafana. Wamisheni wa Kiskoti walianzia Kibwezi mwaka wa 1891, wakahamia Kikuyu mwaka wa 1898, na hata jina la Thogoto lilitokana na wenyeji kulitamka neno Scot kwa ulimi wao. Basi tuliondoka hapa kama watoto waliofaulu, wanaokwenda kumwona mzazi mgonjwa.

Kutoka Ullapool tulivuka kwa feri hadi Stornoway, katika kisiwa cha Lewis, safari ya takriban saa mbili na nusu. Kuhusu bahari ile hatutasema mengi. Soprano wanajua.

Katika kanisa la kwanza tulikuta waabudu kumi na mmoja. Sisi tulikuwa ishirini na wanne, na sare, ngoma mbili na kayamba. Tuliimba kama tuimbavyo kwenye mashindano. Walitusikiliza kwa upole, ila mama mmoja mkongwe alitoa kile chombo chake cha kusikilizia, akakitia mfukoni.

Tulipokaa, mzee mmoja akaanzisha zaburi kwa Kigaeli, peke yake, bila kinanda. Hakusimama. Kwa desturi yao ya zamani watu huketi wakiimba zaburi, na husimama wakiomba. Alitoa mstari, na wale kumi wakaupokea, kila mmoja kwa mwendo wake, huyu akiivuta sauti, yule akiizungusha, wala hakuna aliyemngoja mwenzake. Hata hivyo hawakupotezana. Sisi tunaogombezwa kila Alhamisi kwa kuchelewa nusu pigo tulitazamana. Mmoja wa besi akanong'ona kwamba ndivyo shosho yake alivyofundishwa nyimbo kabla hajajua kusoma, mstari baada ya mstari. Tukajua kwamba hatukuwa tumekuja kumtazama mgonjwa yeyote.

Baada ya ibada kulikuwa na chai na mikate ya siagi. Yule mzee alituonyesha viti, akataja jamaa zilizokuwa zikikaa pale. Hakulalamika. Kisha akatuuliza kwa nia njema kabisa: na kule kwenu, makanisa madogo mnayatembelea mara ngapi?

Hakuna aliyejibu. Ninyi nyote mnalijua lile kanisa letu dogo la kule juu, linaloabudu katika darasa la shule ya msingi. Kwaya hii ilikuwa haijakanyaga huko kwa miaka minne. Sababu tuliyokuwa tukiitoa ni barabara. Na hapo tulikuwa tumekwisha kuvuka bahari.

Kanisa la pili lilikuwa na watu wanne tu, pamoja na mchungaji anayehudumia makanisa kadhaa kwa zamu. Ngoma tuliziacha garini. Tuliimba wimbo mmoja wa Kiswahili, tukiwa tumeketi, kwa sauti ya chini. Wakaomba tuurudie. Tukaurudia mara tatu, na mara ya mwisho waliimba nasi kiitikio, maneno wakiwa wameyaandika nyuma ya bahasha. Wengi wetu tunaikumbuka nusu saa ile kuliko safari nzima.

Wapo wanakwaya wanaosema kwamba fedha za nauli zingenunua kinanda. Hatuwezi kuwaambia wamekosea. Kinanda bado hatuna.

Tuliporudi tulipanda kule juu. Tuliwakuta tisa, na mama aliyetufungulia mlango alituuliza kama tumepotea njia. Tuliketi nao, wao wakaanzisha nyimbo, sisi tukaitikia.

Jumapili ya pili ya mwezi ujao tutakwenda tena. Gari lina nafasi sita zilizobaki, mwone katibu. Mje na viatu vya matope. Ngoma zitabaki hapa.