Maji ya Bati Letu

Leo tuzungumze habari ya maji ya mvua yanayotoka kwetu na kuingia kwa jirani.

Sisi tunakaa Lushoto, kwenye mteremko. Tulipotoa nyasi na kuezeka bati, tulifurahi mno. Hatukujiuliza maji yataenda wapi. Masika yalipofika, maji yote yakashuka mpaka ukutani kwa jirani wa chini. Ukuta wake ni wa matofali mabichi. Ukalowa, ukapasuka, na usiku mmoja upande wa jiko ukaanguka. Bahati watoto walilala chumba kingine.

Mama yule hakutukana. Alikuja asubuhi akasema, "Jamani, njooni mwone maji yenu." Tuliona haya.

Hebu tupige hesabu. Bati letu ni mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu yake, tunapata lita 1,200. Ndiyo mapipa 6 yale makubwa! Nani angependa kumwagiwa?

Basi tulichimba mtaro juu ya mpaka, nyumba zote mbili pamoja. Hauendi wima, maana maji ya kasi huchimba udongo. Unakwenda pembeni polepole mpaka kwenye migomba yetu, si kwa mtu wa tatu. Kingo tumepanda mabingobingo. Chini ya bati tumeweka pipa lenye mfuniko, kwa ajili ya mbu.

Ukuta tuliujenga sisi, kwa matofali yetu.

Kila Jumamosi majani hutolewa mtaroni kwa zamu. Wiki hii ni zamu yetu.